Msemaji wa Posa za Wengine

Wakongo wa Kyebando, hapa Kampala, wakitaka kuposa humtafuta Josias, fundi redio mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la mkaa. Kwetu bwana harusi hajisemei. Hukaa kimya akitazama viatu vyake, na msemaji ndiye anayemwaga maneno mbele ya wakwe. Josias aliyamwaga kweli. Asiye na kazi, kwake alikuwa "mtu wa kujitegemea". Mlevi alikuwa "mtu wa watu". Tena alikuwa na mbinu aliyoipenda kuliko zote: huanza kwa kukiri kasoro ndogo. "Kijana wetu anakoroma, wazazi wangu, siwafichi." Wakwe wanacheka, wanamwona mkweli, hawachimbi zaidi. Mtu huyo angekuuzia maji ya ziwa ukiwa umesimama Ggaba, ufukweni kwenyewe.

Kila posa alipewa kiti cha mbele na paja la kuku. Kisha alirudi kwenye redio zake zilizofunguliwa matumbo, akapasha moto chai ya jana. Alikuwa mpweke, na upweke wenyewe ulikuwa umemchosha.

Aliyemtaka ni Victoire, mjane aliyepika kwenye nyingi kati ya posa hizo. Aliowaozesha hawakupata nafasi ya kumsemea. Basi Jumapili, baada ya ibada, akaenda mwenyewe. Alimkuta uani akimenya matoke. Alikuwa ameapa moyoni kusema kweli tupu.

"Mama Victoire, miye nakoromaka. Na nyumba yangu inavuja. Lakini nakupenda."

Victoire aliweka kisu chini. "Papa Josias, umeanza na kosa ya kidogo. Ile kubwa umeificha wapi?"

"Haiko."

"Hata kwa Guerschom ulisema haiko."

Guerschom ndiye aliyemwoa Exaucée, mdogo wake Victoire. Harusi haijapoa, mke wake wa kwanza akaja kutoka Bukavu na watoto wake. Josias hakuwa akijua. Hakuwa ameuliza pia.

Akatafuta neno lingine. "Nitakutunza" alishamsemea Guerschom. "Namwogopa Mungu" lilikuwa la mshona viatu mmoja aliyemposea. Hakubakiwa na neno ambalo hajawahi kumpa mtu.

"Ungenyamaza vile bwana harusi ananyamazaka," Victoire akasema, akichukua kisu chake, "labda ningekuamini."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na posa ya mtu huko Mulago. Josias alisimama mbele ya wakwe, akasema, "Kijana wetu anakoroma," na wakwe wakacheka.