Kilio Walichokiomba Watu wa Lyon

Mama Evodie alikuwa amechoka. Siyo ule uchovu wa kwamba ukilala mapema kesho utaamka mzima, hapana. Ni ule unaohamia mwilini na vyombo vyake. Ukimwuliza habari ya asubuhi pale Kataki, mtaa wa Kalemie alipokaa, atakujibu, "Tuko," basi, na wewe uridhike, maana la pili hupati.

Na nani asingechoka? Mchana alikaa sokoni nyuma ya beseni la samaki wakavu, ndakala na mikebuka, akifukuza nzi kwa kipande cha katoni. Na mtu akifa mtaani, anayeitwa ni yeye. Wengine huitwa wapike, wengine wabebe viti. Mama Evodie aliitwa alie. Alikuja amejifunga kitenge kiunoni, akasimama mlangoni, akamtazama marehemu, kisha akalifungua koo lake. Alilia kama walivyolia kwao Moba, Kitabwa na Kiswahili humo humo. Alimtaja marehemu kwa jina, akamtaja mama yake na bibi yake, alichopenda kula, alichopenda kugombania. Hata wakwe waliokuja na macho makavu walijikuta wanatafuta leso. Kipindi kile cha kolera alitoka msiba huu akaingia ule bila kubadili kitenge.

Jambo moja tu hakulifanya: kulia bila maiti. Kwao ilikuwa mwiko. Ukimlilia mtu ambaye hujamwona amelala, ni wewe umemwua. Kwa hiyo, na hapa ndipo penye kidonda, nisikufiche, mama huyu aliyewalilia watoto wa kila mtu hakuwahi kumlilia wa kwake.

Mwanawe Hénoc alipanda boti la mbao kwenda Moba kuchukua mahindi, mwaka ule ziwa lilipopanda likameza barabara na nyumba za watu. Boti likapinduka. Wengine waliokotwa, wazima kwa wafu, Hénoc hakuokotwa. Majirani wakangoja, wakangoja, halafu wakaja kwa sauti ya chini: Mama, tukae matanga. Akawauliza, "Maiti iko wapi?" Wakarudi makwao. Padri naye akaja, akaulizwa hilo hilo, akanywa maji akaaga. Labda mawimbi yalimtupa ng'ambo, alisema mama. Labda yuko Kigoma, anatafuta nauli.

Tangu hapo hakulifunga tena komeo la mlango wake. Mtoto akirudi usiku agonge kwao kama mgeni? Thubutu! Wezi wakaingia wakabeba redio, wakarudi wakabeba sufuria kubwa, komeo halikuguswa. Alilala sikio moja liko nje, halafu watu wakamshangaa kwa nini kila siku amechoka.

Sasa, mtoto wa mdogo wake, Delphin, mwanamume mzima mwenye mke, alikuwa fundi wa sauti katika redio moja ya mji, redio ambayo jenereta ikikosa mafuta nayo inanyamaza. Pembeni alikuwa amepata kazi ya watu wa Lyon, kule Ufaransa, wanaotengeneza michezo ya video. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa mji ulio kando ya ziwa, mna vita ndani yake, na mchezaji anawatafuta ndugu zake. Walitaka sauti za kweli. Basi Delphin akazunguka Kalemie na maikrofoni yake iliyovishwa manyoya kama paka, akirekodi wanawake wanaotwanga, mvua juu ya bati, injini za boti, ugomvi wa sokoni. Watoto wakampa jina, Papa Paka, na jina likamganda.

Jumapili moja baada ya misa alikuja kwa Mama Evodie, akakaa kwenye kigoda, akakataa chakula. Hapo mama akajua kuna neno.

"Mama Mukubwa, wamebakiza sauti moja tu."

"Ya nini?"

"Ya kilio."

Mama aliendelea kuchambua ndakala zake. "Nani amekufa?"

"Hakuna muntu. Njo mchezo, ni mchezo tu. Mule ndani muntu akikufa, mama yake analia. Kisha mwenye kucheza anabonyeza, na ule muntu anaamuka."

"Anaamuka?"

"Anaamuka, anaanza tena."

"Mara ngapi?"

"Mara zote mwenye kucheza anapenda."

Mama Evodie akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Kumbe iko pahali vile," akasema. "Na hao wa Lyon, hawana mama zao wa kulia?"

Delphin akavuta pumzi, akamweleza. Waliajiri mwigizaji akawalilia, lakini ni uongo mtupu, kila anayesikia anajua. Na muda umewaishia. Wao ni watengenezaji tu. Iko kampuni kubwa ya Amerika inayowapa chakula na kuutoa mchezo sokoni. Kampuni hiyo ina watengenezaji Japani, ina wengine Kanada, inawanunua na kuwafunga inavyotaka. Wiki hii wakubwa wanakuja Lyon kusikiliza. Wasipopendezwa, watu wote wataambiwa wachukue vitu vyao kwenye katoni warudi nyumbani, na kazi ya Delphin itakwenda pamoja nao.

"Njo kama wavuvi na mwenye nyavu," mama akasema. Maana alikuwa ameyaona maisha yake yote pale ufukoni: mwenye mitumbwi, nyavu na taa analala kwake, vijana wanakesha majini, na asubuhi anachungulia ndani ya mtumbwi. Ndakala zikiwa chache, anabeba taa zake akampa mwingine.

"Njo vile vile, Mama."

Akamsikilizisha ujumbe wa sauti kwenye simu, wa mkuu wake wa huko, jina lake Jérôme. Kifaransa cha mama kilikuwa cha kuombea njia sokoni tu, lakini sauti aliielewa. Mtu yule hakuwa amelala siku nyingi.

"Huyu naye amechoka," akasema. "Umwambie pole. Lakini mimi bila maiti silii, unajua. Unataka nimwue nani?"

Delphin alichezea manyoya ya maikrofoni. Kisha akasema neno ambalo katika ukoo mzima hakuna aliyelithubutu. "Mama, mimi njo nilimubebea Hénoc kifuko mpaka ku boti. Mimi pia namungojea. Nimechoka kumungojea."

Mama akasimama, ndakala zikamwagika. "Toka! Toka mu nyumba yangu na paka yako!"

Delphin akatoka. Mama aliokota ndakala moja moja kwa hasira. Alikasirika Jumatatu sokoni, akawakasirikia wateja, akamkasirikia hata nzi. Jumanne akaingia chumba cha Hénoc kukung'uta shuka, kama kawaida yake ya kila wiki. Akalishika shuka, akalikunjua, na mkono ukakataa kulikung'uta. Ukakataa kabisa. Shuka ambalo halilaliwi linachafuka na nini? Alikaa juu ya kitanda kile na kwa mara ya kwanza akajisemea kwa sauti kwamba amechoka, na kwamba si samaki wanaomchosha.

Akamfuata Delphin kwake mwenyewe. "Waulize jina la marehemu," akasema bila salamu. "Silii hewani tu."

Delphin akaandika, jibu likaja kutoka Lyon haraka. Marehemu hana jina. Katika karatasi zao ameandikwa "mtoto wa mama" basi. Mama aweke jina lolote apendalo.

"Jina lolote," mama akarudia. Akalirudia tena njiani. "Kesho saa tisa uje."

Kesho yake Delphin akatundika mablanketi dirishani, akaegemeza godoro ukutani, akaomba jirani afunge mbuzi wake mbali. Akavaa vile vya masikioni. Mama Evodie alisimama kama alivyosimama milangoni pa watu maisha yake yote, akatazama chini pale maiti hulala. Palikuwa na saruji tupu. Akafungua mdomo, pasitoke kitu. Akaufunga. Delphin alikuwa karibu kumwambia basi, Mama, tuache.

"Hénoc," mama akasema, polepole kabisa, kama anamwita aje kula.

Halafu kikatoka. Yo! Kilio alichokuwa amewagawia watu wa Kataki miaka yote, kumbe yalikuwa makombo. Chenyewe alikuwa amekificha. Alimtaja Hénoc mwana wa Evodie, yeye mwenyewe, Evodie binti wa Thérèse. Alimtaja mpenda vichwa vya mikebuka, mwongo wa saa, asiyejua kupiga mluzi na hakubali kwamba hajui. Alimgombeza. Alimwuliza maji yalikuwa baridi namna gani. Mablanketi yalizuia nini? Delphin alivua vile vya masikioni, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Nyumba ya pili, Mama Bertille alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao. Akasikia. Kilio cha Mama Evodie alikijua kama kengele ya kanisa, lakini leo kinatoka nyumbani kwa Mama Evodie mwenyewe! Akaacha mwiko ndani ya sufuria. Papa Zacharie, mwenye mbuzi, akabeba viti viwili hata kabla ya kuuliza, maana Kataki kilio hakiulizwi kwanza, kinafuatwa. Wakaja na mikeka, wakaja na kuni. Mlango haukufungwa komeo, wakaingia moja kwa moja, mbwa wakiwafuata nyuma.

Wakamkuta amesimama, amenyamaza ghafla, na yule paka wa Delphin anamtazama mdomoni.

"Mama," Bertille akauliza, akihema, "nani amekufa?"

Delphin akainuka kueleza. Ilikuwa rahisi tu kusema ni kazi, ni mchezo, samahanini, rudini majumbani. Mama angerudi sokoni, na Hénoc angerudi Kigoma kutafuta nauli. Mama akamwekea mkono kifuani akamrudisha chini.

"Hénoc," akasema. "Hénoc amekufa."

Hakuna aliyemwuliza lini. Mama Bertille akaketi chini pale pale kwenye saruji, akalipokea lile jina, akalia kama mtu aliyelibeba miaka hiyo yote bila mahali pa kulitua. Na wengine nyuma yake. Zacharie alilia akiwa bado ameshika kiti. Watu wakalala pale siku tatu, wakapika, wakaimba, na kwa mara ya kwanza Mama Evodie alikaa chini akaliliwa na wengine. Mara nyingine alisinzia katikati ya nyimbo. Hawakumwamsha.

Siku ya tatu Delphin akaja kuchutama kando yake, aibu imemjaa. Jérôme amesikia. Amesema hajawahi kusikia kitu kama kile. Ila baadaye wanaingia watu, mna viti, mna mbwa. Je, mama anaweza kurudia, peke yake?

Mama hakukasirika tena. "Mwambie," akasema, "huko kwao wanaamuka, wanakufa tena. Wangu amekufa mara moja."

"Watafunga kazi, Mama."

"Pole, mutoto wangu. Pole kweli."

Na kazi ikafungwa. Siyo kwa sababu ya kilio, wala usimtupie mama lawama. Wale wakubwa walifika Lyon uamuzi wameshautia mfukoni; walizungumza kidogo, wakaondoka, hawakusikiliza sauti hata moja. Watu wakabeba katoni zao. Kabla hajatoka, Jérôme alimrudishia Delphin ile sauti, na ujumbe mfupi: hii si yetu.

Delphin alimletea mama jioni moja jua bado liko, akamwonyesha simu. "Nikufungulie usikie?"

"Ya nini? Nilikuwepo." Akamsukumia sahani ya bukari. "Kula. Sasa unafanya kazi gani?"

"Nimebaki na redio. Tuko tunangoja mafuta."

Wakala, wakamaliza. Delphin alipoaga, mama alimsindikiza mpaka mlangoni, akamtazama anavyokwenda mpaka kona. Kisha akaingia akachukua kikombe cha mawese, akachovya kidole, akapaka lile komeo. Kutu ilikuwa imelishika vibaya. Alisukuma, likakataa, akapaka tena, akasukuma kwa viganja viwili, akilia sasa kidogo kidogo, si kilio cha watu, mpaka likaingia.