Kabla Viazi Havijaiva

Nyumbani kwetu Nengo, mjini Gisenyi, waliishi watu wawili wenye ndoto kubwa, na mama yangu alikuwa akiwapikia wote wawili. Wa kwanza nilikuwa mimi: mwanafunzi wa sekondari niliyeamua kuandika riwaya ya kuwaliza watu kuanzia Gisenyi mpaka Bukoba. Wa pili alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama, fundi saa mwenye meza ndogo karibu na soko. Yeye alitaka kuwa msemaji wa harusi anayesifika kuliko wote upande wetu wa ziwa.

Kwetu msichana haombwi kimyakimya. Siku ya kuomba, ambayo tunaiita gusaba, familia mbili hukaa zikitazamana chini ya maturubai, na kila upande humsimamisha mtu mmoja wa kuusemea. Msemaji wa upande wa kijana huomba. Msemaji wa upande wa msichana hukataa. Hukataa kwa vichekesho na vijembe mpaka watu washike mbavu: msichana hayupo, msichana ameshaolewa, msichana amekwenda kuwa mtawa, na isitoshe babu yenu aliwahi kukanyaga maharagwe yetu. Hata watoto wanajua kwamba mwishoni msichana atatolewa. Raha yote imo katika kukataa, na msemaji asiyeweza kukataa ni kama mpishi anayeogopa moto.

Tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe, Tanzania, miaka michache kabla. Mjomba alirudi na Kinyarwanda alichofundishwa na bibi yake ukimbizini, Kinyarwanda cha heshima za kale, kama koti lililotunzwa sandukuni mpaka likapitwa na mtindo. Watu wa sokoni walimsikiliza wakitabasamu, kisha wakamjibu kwa Kiswahili cha mpakani. Hakukata tamaa. Jioni alizipanga saa za wateja mezani, akasimama mbele ya meza na kuzihutubia.

"Binti gani?" aliiuliza saa moja ya ukutani iliyokuwa imekufa. "Hapa hakuna binti. Labda mmekosea lango."

"Imekata tamaa?" mama aliuliza akipita na ndoo.

"Bado inanibembeleza, dada."

Mwaka Mpya ulipofika, tulipokuwa tukila, mjomba alijifuta mdomo na kutangaza kwamba mwaka huo usingeisha kabla hajasimama kuwa msemaji. Nami, nisikubali kuachwa nyuma, nikatangaza kwamba usingeisha kabla sijamaliza riwaya.

"Na mimi," mama alisema, "mwaka huu nataka kumaliza kuosha vyombo ambavyo ninyi wenye ndoto mnavichafua na kuviacha."

Dada yangu mkubwa alicheka mpaka akapaliwa. Yeye hakutangaza lolote, na ndiye aliyetupita sote: kabla mvua ndefu hazijakatika alikuwa amepata mchumba, kijana wa familia ya hapa mjini yenye nusu yake Goma, watu waliovuka mpaka asubuhi kwenda kuuza na jioni kurudi kulala, au kinyume chake.

Mpaka hapo hakuna mtu aliyekuwa amemwita mjomba kusema popote. Kila Jumamosi alivaa koti lake la kahawia akaenda kwenye harusi za watu kama mgeni tu, kisha akarudi kuwachambua wasemaji kama kocha wa mpira. Huyu aliwahi mno kucheka. Yule alisahau kuuliza habari za ng'ombe. Sasa harusi ilikuwa yetu. Baba yetu tulimzika Karagwe, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekaa mahali pake. Hata hivyo ndugu walikuja na shauri kwamba tutafute msemaji mzoefu, mtu mwenye jina.

Mjomba hakubisha. Siku zile alitengeneza saa kimya, na saa zisizoongeleshwa nazo zilinyamaza.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Atasema kaka yangu," aliwaambia ndugu. "Akiharibu, ameharibu cha kwake."

Maneno hayo yalimpa mjomba nafasi, na yakampa hofu pia. Alijua, kama sote tulivyojua, kwamba akishindwa kumsemea mpwa wake mwenyewe, hakuna mtu Gisenyi nzima atakayemwita tena maisha yake yote.

Shughuli yote ikapangwa juu ya ulimi wake. Miaka ile barabara za kupanda milimani hazikuwa na amani kila siku, na wageni walitaka kuondoka mapema, jua likiwa bado juu. Mjomba akaahidi saa mbili za kukataa, zisipungue wala zisizidi. Alikuwa fundi saa, nani angemtilia shaka? Basi mama akapanga kwamba viazi vya Mudende viwekwe motoni mjomba atakaposimama, ili wageni wale vya moto. Dada avishwe wakati mjomba anaposema. Pikapu ya vinywaji itaingia wakati huohuo. Na shangazi yetu, mwenye ulimi kuliko sote, akapewa kazi ya katikati: mjomba akifika mahali fulani, yeye angeinuka na kulalamika kwamba upande wa kijana ulikanyaga maharagwe yake. Shangazi alijizoeza lalamiko hilo mpaka akaanza kuliamini.

Siku yenyewe upepo wa ziwa ulikuwa unayainua maturubai kama mtu anayechungulia chini ya kifuniko cha sufuria. Mimi nilikuwa dirishani kwenye chumba cha dada, nikitazama nje kwa jicho moja na kushika vibanio kwa mkono mmoja. Dada alikuwa amekaa na kanga kifuani, katikati ya wasichana waliokuwa wakimpamba, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama kama zimeshtuka.

Msemaji wa upande wa kijana akainuka. Alikuwa mzee mnene, muuza vitenge wa Goma, mwenye kofia ya pama ya kijivu. Akaivua. Akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Muzee," alisema, "siye hatutoke mbali. Tuko bantu ba hapa karibu tu. Mutoto wetu halale, hakule, anaangalia tu njia ya huku kwenu. Tumekuya na heshima yote. Tunaomba mutusaidie."

Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa, yanayosemwa kila Jumamosi. Mjomba akasimama. Akalivuta koti lake. Akafungua kinywa, na mama kule jikoni akawaashiria wasaidizi waweke viazi motoni.

Mjomba akamtazama mzee. Akaitazama kofia.

"Basi mchukueni," alisema. "Nani atawanyima ninyi?"

Hakuna mtu aliyepiga makofi. Upepo tu ndio uliopiga turubai. Nilimwona mama akitoka jikoni na mwiko mkononi, akausimamisha hewani kama askari wa barabarani.

"Na maharagwe yangu je?" shangazi aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Nyuma yangu dada akasema, "Wameanza?"

"Wamemaliza," nilimjibu. "Umeshatolewa."

"Nimetolewa? Sijavaa hata kiatu!"

Nje, mjomba alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, kama mtu aliyeangusha chungu na anasubiri kisikike kikivunjika. Ndugu waliotaka msemaji mwenye jina walikuwa wanatazamana.

Mzee wa Goma alirudisha kofia kichwani. Aliinama kunong'ona na watu wake, akachukua muda wake, kisha akainuka tena.

"Apana," alisema. "Hatukubali."

Watu wakageuza shingo zote pamoja.

"Mi minauza bitenge," mzee aliendelea. "Mutu akinipatia kitu mbio namna hii, minageuza, minatafuta ni wapi kimepasuka. Huyu mutoto iko na kasoro gani, donc munataka kumutoa bila hata kutuchokesha? Bon. Tuelezee."

Ilimchukua mjomba muda kuelewa kwamba alikuwa ameokolewa. Sheria ya mchezo ilikuwa imepinduliwa: sasa upande wa kijana ndio uliokataa, na yeye, aliyejizoeza mwaka mzima kunyima, alitakiwa kubembeleza wampokee.

"Hana kasoro, mheshimiwa," alianza.

"Anapika?"

"Anapika."

"Mbona moshi tunaiona, chakula hatuione?"

Kicheko cha kwanza kikapasuka upande wao, kikavuka uwanja mpaka kwetu. Mama akashusha mwiko.

"Ndiyo subira anayowafundisha," mjomba alijibu. "Mumewe hatanenepa haraka, lakini atajua kusali."

"Kazi anaweza?"

"Anaweza, akiamshwa."

"Nani anamwamsha?"

"Mpaka leo ni mimi. Kuanzia leo ni ninyi. Mnaona sasa kwa nini nina haraka?"

Dada akanifinya mkono. "Ananisema mimi?"

"Anakuuza," nilisema. "Tulia tukusuke."

Hapo shangazi hakuvumilia tena. Aliinuka, akavuka uwanja mzima, akaenda kusimama upande wa Goma. "Na mimi nina lalamiko," alisema, "dhidi ya huyo msichana wao. Alikanyaga maharagwe yangu!" Wageni wakampigia makofi kama aliyerudi kutoka safari ndefu. Mzee akampa kiti chake akae.

Mjomba alikuwa ameshasahau koti, ameshasahau mikono aifanye nini. Hakutumia hata sentensi moja kati ya zile alizoziambia saa. Alianza kumsimulia dada yangu kama alivyokuwa. Akasema kwamba siku tuliyofunga mizigo kurudi kutoka Karagwe, kila mtu alibeba kitu cha thamani, na dada akagundua njiani kwamba amebeba sufuria la jirani, aliloliazima asilirudishe. Alilia. Alitaka lori ligeuke. Na tangu siku hiyo sufuria lile halijawekwa motoni hapa nyumbani. Dada analisugua kila Jumamosi ili siku ya kulirudisha mwenyewe alikute linang'aa.

"Liko jikoni sasa hivi," mjomba alisema. "Viazi vyenu vimechelewa kwa sababu mama yake amekatazwa kulitumia."

Mzee wa Goma alikuna kidevu. "Sasa mi minauliza. Huyu iko mwaminifu, ao iko musahaulifu?"

"Vyote viwili, mheshimiwa. Kila kimoja kina siku yake."

Nilitazama nyuma. Dada alikuwa anacheka na anafuta macho, na aliyekuwa anampaka wanja alitupa mikono juu kwa kukata tamaa.

Ikaendelea hivyo. Pikapu ya vinywaji iliingia, hakuna aliyeiona. Wageni walimtupia mjomba maswali kutoka pande zote, hata wa upande wetu, naye akayadaka. Mwishowe mama akafunua sufuria kubwa, mvuke ukapanda, na mzee akanusa hewa kwa heshima zote.

"Banyetu," aliwaambia watu wake, "mi ningeendelea kukatala mpaka kesho. Lakini viazi imenishinda. Tunamukamata, ni wetu."

Dada alitoka akiwa amevaa kila kitu, hata viatu.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu ya ziwa, nilimkuta mjomba kwenye ngazi ya nyuma, koti magotini. Nilidhani nitamkuta anajisifu.

"Nimeharibu," alisema.

"Watu walicheka mpaka wakalia, mjomba."

"Yule mzee ndiye aliyewachekesha. Mimi niliharibu."

Nikamuuliza kwa nini alimtoa upesi hivyo. Aligeuza koti, akatoa uzi uliokuwa umechomoza.

"Alivua kofia," alisema. "Nilijua ni mchezo, hata mimi nimeucheza mbele ya saa. Lakini miaka yote kule Karagwe, mimi ndiye niliyesimama na kofia mkononi. Kuomba kibali, kuomba shamba, kuomba mtoto aingie shule. Rudi kesho, rudi kesho kutwa. Basi akili yangu ilisema kataa. Mdomo haukuweza."

Nikamuuliza la kijinga: kama alifurahi, pale alipokuwa anasimulia habari za sufuria.

"Sikumbuki," alisema. "Sikupata nafasi ya kujitazama."

Sokoni hawakumwacha. Mteja akija kuuliza saa yake, akaambiwa bado haijawa tayari, alitikisa kichwa: "Fundi, mabinti unatoa mbio, saa unachelewesha!" Mjomba alicheka nao, lakini jioni hakuzihutubia saa tena. Nami riwaya yangu ya kuwaliza watu mpaka Bukoba niliiacha katikati, nikaanza kuandika habari za sufuria moja lisilowekwa motoni. Mwaka ulikuwa unakwisha, na mama alikuwa anatukumbusha kwa furaha kwamba vyombo vingalipo.

Jumapili moja mtu akabisha hodi langoni. Alikuwa baba mmoja wa Cyanzarwe, mkulima, ambaye binti yake alikuwa anaombwa. Alikuwapo harusini kwetu, upande wa Goma. Kwetu hata anayekuja kuomba msemaji hutakiwa kukataliwa kwanza, ni adabu. Mzee mwenye heshima zake husema ana kazi nyingi, mgongo unamuuma, katafuteni mwingine, mpaka abembelezwe. Mjomba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mama alilijua pia, na alikuwa ameacha kupeta mchele ili asikilize.

Baba yule akavua kofia. "Muzee," alianza, "nimekuya kwako na shida ndogo..."

"Nitakuja," mjomba alisema. "Lini?"

"Kaka!" mama alipiga kelele kutoka uani. "Angalau ungemwacha amalize kuomba!"

Lakini mjomba alikuwa ameshaingia ndani kutafuta koti, kana kwamba harusi ilikuwa mchana uleule, na tulimsikia akipiga mluzi chumbani. Mgeni alibaki langoni, kofia mkononi, asijue aivae au aendelee kuishika. Mama akamwendea na ungo wake kiunoni.

"Karibu ndani, baba, atakuja kuwasemea," alimwambia. "Ila siku hiyo viazi vyenu mvianzishe mapema."