Nilifuta Alama za Habiba kwenye GPS ya Mume Wangu

Admin, nifiche kabisa, hata herufi ya kwanza ya jina langu usiiweke. Hapa Garsen watu wanajuana hadi kwa viatu vilivyovuliwa mlangoni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nina binti mmoja, nimeolewa na dereva. Wivu nimezaliwa nao, sitawadanganya. Mwaka jana nilimpigia simu mwanamke nikamtukana matusi yote ninayoyajua nikidhani ni wa mume wangu, kumbe ni mke wa bosi wake. Mume wangu alilala sebuleni siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Ukinichunguza tena, wallahi utarudi kwenu Wenje." Na yule mtu hasemi jambo mara mbili.

Sasa sikilizeni. Kwa miaka mingi alikuwa akibeba watu na dawa kwenda vijijini huku chini, upande wa Kau, akitumia kile kidude cha GPS cha kubandika kwenye kioo. Humo ndani aliweka alama zake mwenyewe kila alipopita. Mwaka huu bosi akaleta gari jipya, ramani imo humo humo kwenye dashibodi, skrini kubwa kama sinia, na sauti ya mwanamke ya kukuambia pinda kulia, pinda kushoto. Mume wangu alipagawa. "Hii ndiyo gari! Mambo ya kubandika-bandika basi tena." Siku ya kwanza alinipandisha. Kwenye lami ya Malindi yule mwanamke anajua kila kitu. Tuliposhuka tu kwenye udongo akanyamaza, na gari letu likaonekana liko peke yake katikati ya weupe mtupu. Nikamwambia, "Huyu bibi yako huku hakujui." Akacheka, akasema siku hizi yeye mwenyewe ni dereva wa lami tu. Kidude chake kiende kwa mdogo wake, ambaye ndiye sasa anayefanya zile safari za vijijini na pikapu yake.

Niliambiwa nikichaji, shemeji atapita kukichukua. Nikakifungua. Nilikuwa natafuta nini, hata sijui. Nikaona majina: Daraja Bovu, Kwa Mwalimu, Mkwaju. Halafu Habiba. Chini yake Habiba Kati. Chini yake tena Habiba Mwisho. Jamani, damu ilinichemka! Habiba gani huyo mwenye kati na mwisho? Nikabonyeza futa, mara tatu, na Mungu anisamehe, nilijisikia raha.

Wiki iliyofuata ndugu hao wawili walikaa kwangu wanakula, nami nawaongezea mchuzi. Mume wangu akamwambia mdogo wake, "Kiangazi pita popote. Maji yakitanda, usiamini macho yako, kila mahali panafanana. Fuata Habiba, Habiba Kati, Habiba Mwisho. Ukitoka hapo hata hatua chache unaingia mto wa zamani, na ule udongo mweusi unameza gari na waliomo." Kisha akaeleza. Habiba ni bibi mzee wa Kiorma. Mwaka wa mafuriko, mume wangu alipokwama, yule bibi alitangulia mbele ya gari akipima maji kwa fimbo, na pale fimbo ilipogonga udongo mgumu mume wangu akaweka alama. Bakuli la mchuzi lilinitoka mkononi. Wakadhani limeniunguza.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Niliiona Wenje mbele ya macho yangu, na mama yangu akiniuliza nimefanya nini tena.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachonitoa usingizi. Ijumaa moja shemeji alikiacha kidude kwangu akaenda msikitini. Nikakichukua, nikajaribu kukumbuka zile alama zilikuwa wapi, nikazirudisha kwa kukisia. Nilibonyeza tu palipoonekana panafaa, karibu na ule mstari wa mto, nikaandika majina yale yale. Siku ile nilidhani narekebisha. Ningeziacha zimefutika, angalau angeuliza ziko wapi. Sasa anaziona zote tatu na anaziamini. Alimwambia kaka yake mbele yangu, "Habiba ninazo." Mume wangu akajibu, "Basi umefika."

Hapa kwetu jua linawaka, hakuna hata wingu. Lakini bara mvua imenyesha, na mto unapanda kila siku. Jana vigingi vya kufungia mitumbwi vilikuwa nje ya maji, leo sivioni. Wale Waorma wamehamisha ng'ombe, Habiba hapatikani wala simu hana. Nilimwambia shemeji asiende. Akanicheka, "Shem, umeanza uoga? Nina njia ya kaka." Nimewaza kukiangusha kile kidude kivunjike, lakini sasa hakibanduki kiooni, na gari anafunga.

Anaondoka kesho baada ya adhuhuri. Amejaza, kuna akina mama wawili wanaotoka kliniki, mmoja na mtoto mchanga. Mama mkwe naye anakwenda kwenye arusi huko, atakaa mbele. Alitaka amchukue binti yangu, amemshonea hadi gauni. Nimemwambia mtoto ana homa. Mtoto hana homa, anacheza hapa mbele yangu na ananiuliza kwa nini haendi na bibi yake. Mama mkwe ameniombea dua kwa ajili ya hiyo homa.

Nimeshika simu tangu asubuhi, jina la mume wangu liko kwenye skrini, kidole hakishuki. Najua mtanitukana, nitukaneni. Lakini aliyewahi kumwambia mume wake neno la kumvunjia nyumba, anipe maneno ya kuanzia. Nianzeje? Admin, hii usiiweke kwenye foleni, iweke leo.