Nilimwambia fundi "ni ya mtoto", akafuta mtaa mzima wa Buyenzi

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naanza na kukiri, kwa sababu bila hilo uzi huu hautaeleweka. Mimi nacheza gemu. Sisemi zile za kupanga peremende kwenye simu ukiwa kwenye foleni ya benki. Nina kifaa chake, cha kushika kwa mikono miwili, chenye vifimbo na vitufe. Nina miaka hamsini na mbili.

Jambo hili nimelikana kwa miaka sita. Nimelikana mbele ya dada zangu, mbele ya wanafunzi wangu chuoni, na mbele ya akina mama wa chama chetu. Nililikana kwa nguvu kwa sababu zamani niliandika makala ndefu gazetini kueleza jinsi michezo ya video inavyowala watoto wetu ubongo. Makala ilipendwa sana. Mpaka leo inazunguka WhatsApp, na mara nyingine inanifikia mimi mwenyewe, imeandikwa juu yake "tuma kwa wazazi kumi".

Nitakayosema hapa ni kweli tupu, pamoja na sehemu zinazonivua nguo. Mnivumilie Kiswahili changu, mimi ni wa Bujumbura. Na mnivumilie hasira, maana ninayo nyingi, na orodha ya niliowakasirikia inabadilika kila siku.

Kwanza kifaa chenyewe.

Nilikinunua kwa mwenzangu wa chuo aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Kilikuja na Windows. Kila nikikiwasha kinataka update, na update moja inameza mégas zangu za intaneti za wiki nzima. Nikaifuta, nikaweka Linux. Hiyo nilishaizoea tangu enzi za kuandika tasnifu, kwenye laptop kuukuu ambayo haikukubali kitu kingine.

Najua kuna mtu tayari anaandika chini kwamba Linux si ya gemu. Mkuu, hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi gemu nyingi za Windows zinafunguka bila shida. Zinazogoma ni baadhi ya zile za kupigana mtandaoni, zenye programu ya kuwanasa wadanganyifu ambayo ikiona Linux inadhani imeona jambazi. Mimi sina haja ya kutukaniwa mama na mtoto wa miaka kumi na mbili nisiyemjua, kwa hiyo sikupoteza kitu.

Courant, yaani umeme, ikikatika, nabonyeza kitufe kimoja, kifaa kinalala. Ikirudi, naendelea palepale. Hakidai intaneti, wala hakiniulizi mimi ni nani. Kwa mji wetu huu, sijui mtu atake nini zaidi.

Lakini kusema kweli gemu niliyoicheza ni moja tu.

Ni ya bure, chanzo huria, ya kujenga kwa matofali. Unapewa uwanda mtupu na matofali yasiyoisha. Watu wengine wanajenga makasri. Mimi nikaanza kujenga avenue yetu ya Buyenzi, kata ya Bujumbura nilikokulia, kama ilivyokuwa nilipokuwa na miaka kumi.

Nilianza kwa utani tu. Ijumaa moja mchana nilikuwa kwa Mama, nimekaa mkekani uani, nikidhani yeye amesinzia. Mama ana miaka themanini na moja. Akanyoosha shingo, akatazama kioo, akasema:

"Apana. Mulango ya Mama Zaina haikuwa hapo. Ilikuwa inaangalia ku musikiti."

Nikauhamisha mlango.

"Na dirisha iko wapi? Atauzia wapi maandazi?"

Basi, tukaingia kazini. Kila Ijumaa baada ya swala, miaka mitatu, Mama anasema na mimi najenga. Nyumba arobaini na moja. Gereji ya Mzee Sefu na lile lori lake ambalo halikuwahi kutoka. Bomba la maji ambapo wanawake walipigana, na Mama anakumbuka nani alimpiga nani na kwa ndoo ya rangi gani.

Ndani ya kila nyumba niliweka kibao. Kwenye kibao nikaandika alichosema: majina ya watoto wote wa nyumba ile, nani alishona nguo, nani aliolewa Uvira, nani alikimbia machafuko akarudi, nani alikimbia hakurudi. Mengine aliyasema kwa sauti ya chini huku akitazama lango. Niliyaandika vilevile, bila kupamba.

Mwaka huu kumbukumbu ya Mama imeanza kukatika. Asubuhi yuko sawa. Ikifika alasiri ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Kwa hiyo ule mtaa uliokuwa ndani ya kifaa ndio uliokuwa umebaki mzima, wala hakukuwa na mwingine.

Sikuwa nao kwenye karatasi. Sikuwa nao kwenye flash. Mimi huyu, ninayewafokea wanafunzi kila mwaka kwamba mémoire, yaani tasnifu, ihifadhiwe sehemu tatu.

Chekeni kidogo, kisha tuendelee.

Kifimbo cha kushoto kikaanza kujiendesha chenyewe. Natembea mtaani nakuta nimejibamiza kwenye ukuta wa Mama Zaina. Tundu la chaji nalo likalegea. Nikakipeleka Quartier Asiatique kwa fundi nitakayemwita Désiré. Ni mtu mzima, ana miwani na mvi kidogo, anatengeneza simu na vifaa vya gemu, na watu wanamsifu.

Nipo kwenye foleni, nageuka, nyuma yangu nani? Mama Nadia, katibu wa chama chetu, ameleta simu ya mume wake. Mama Nadia ndiye aliyenialika mara mbili kuwahutubia vijana juu ya ubaya wa gemu. Ndiye pia msambazaji mkuu wa ile makala.

Désiré akakigeuzageuza kifaa mkononi.

"Ni ya nani hii, maman?"

"Ni ya mutoto," nikasema. "Ya mutoto wa dada yangu."

Mtoto wa dada yangu yupo kweli. Ana miaka ishirini na tisa na ni mhasibu.

"Anapenda ballon, ile gemu ya mpira?"

"Sana."

"Kuna kitu ya kuchunga mule ndani, isipotee? Picha, nini?"

Wakuu, hapa ndipo. Mama Nadia alikuwa ametega sikio, kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Ningeweza kusema ndiyo, kuna kitu. Ingenigharimu aibu ya dakika tano. Nikasema, kwa sauti ya mtu asiyehusika:

"Apana. Ni michezo tu."

Mama Nadia akatikisa kichwa kwa huruma. Watoto wa leo, akasema.

Siku tatu baadaye nikarudi kukichukua. Désiré alikuwa anatabasamu, na mpaka leo lile tabasamu ndilo linaloniumiza kuliko yote.

"Maman, imekuwa propre, safi kabisa. Nimebadilisha joystick, nimefunga na tundu mupya. Ile système yake ilikuwa imeharibika, haikuwa hata na disque C, nimeitoa. Nimemuwekea Windows, na ballon ya mwaka huu. Hiyo ya ballon ni zawadi yangu kwa mutoto."

Nikamuuliza vilivyokuwemo viko wapi.

"Nimeformater, maman, nimefuta yote."

Sasa naomba niseme na mafundi wote waliomo humu. Ni nani aliyewafundisha kwamba kitu usichokijua kimeharibika? Mtu akikuletea redio ikisema Kichina, utaivunja kwa sababu haisemi Kirundi? Haikuwa na disque C kwa sababu hiyo ni ya Windows; Linux haina disque C, haijawahi kuwa nayo, na haijawahi kuomba. Ilikuwa nzima. Nilikuletea kifimbo na tundu la chaji. Umeletewa kiatu ushone soli, ukakata na mguu, kisha unatoa mguu wa bandia kwa zawadi.

Kumwambia sikumwambia hivyo. Mimi nikikasirika Kifaransa huja chenyewe kama kikohozi. Nilimfokea mbele ya wateja kwa Kifaransa cha jopo la kutetea tasnifu, chenye vishazi vitatu tegemezi, na nadhani wengi walielewa neno moja tu, nalo halikuwa zuri.

Alingoja nipumue, akasema polepole kwamba alikuwa ameniuliza. Nikamwambia ni mwongo, hakuniuliza. Nililisema hilo huku nikijua. Akaanza, "Sikiliza kwanza, maman." Nikamjibu kwamba nimeshamsikiliza vya kutosha, nikachukua kifaa changu na mpira wake, nikatoka.

Alinipigia siku ileile mara nne. Kesho yake mara mbili. Nikajua anataka kujitetea, nikamblock.

Nikaenda Bwiza kwa fundi mwingine anayesifiwa kwa kufufua vitu vilivyofutwa. Alifanya kazi siku mbili kwa uaminifu. Akanieleza kwamba Windows na ule mpira vimeandikwa juu ya kila kitu, na ni vizito. Alichopata ni vipande vya picha za nyasi. Sijui kama ni nyasi za mtaa wetu au za uwanja wa mpira.

Kwa Ijumaa tatu nilimdanganya Mama kwamba kifaa bado kiko kwa fundi. Nyumbani nikajaribu kujenga upya peke yangu. Kuta zilikuja, majina hayakuja. Nyumba ya tisa ilikuwa na watoto sita, nami nilikumbuka watatu. Nilikaa mbele ya ule mlango wa matofali nikilia kwa hasira, mwanamke mzima, mwalimu wa chuo na mhariri wa vitabu vya watu.

Ijumaa ya nne nikamwambia ukweli, asubuhi, akiwa na akili zake zote.

"Yote?" akauliza.

"Yote, Mama."

"Na kibao ya baba yako?"

"Na ya baba."

Nikatoa daftari. Nikamwambia safari hii tuandike kwenye karatasi, tuanze na Mama Zaina. Hakuligusa wala kulitazama.

"We ulifikiri ilikuwa inanifurahisha? Kila Ijumaa nilikuwa nawazika wale watu, mumoja mumoja. Nimemaliza. Siwaziki tena."

Akashika tasbihi yake. Nimejaribu mara mbili nyingine tangu siku ile. Mara ya pili aliniomba niondoke.

Kwa hiyo msiniambie ni gemu tu. Hata mimi nilisema ni gemu tu, na mnaona.

Funzo naliweka hapa, kabla ya mwisho, kwa sababu nikishaandika mwisho sitakuwa na la kuongeza. Kama unacheza, sema unacheza. Kifaa chako kiite chako, hata mbele ya katibu wa chama. Linux ni nzuri na nitaendelea kuitumia, lakini haikulindi na ulimi wako. Ile folda ya dunia yako ya matofali ni ndogo kuliko video moja ya harusi, inakiliwa kwa dakika mbili. Dakika mbili.

Wenye mawazo karibuni, na wenye kunitukana pia, nafasi ipo. Ila nina ombi moja la kweli. Kama humu kuna mtu aliyekulia Buyenzi enzi zile, niandikie hapa chini jina moja tu la jirani yako, na mlango wake ulitazama wapi. Hata kama huna uhakika.

Sasa mwisho wenyewe, nao ni simu.

Ilikuja Jumanne iliyopita asubuhi, namba nisiyoijua. Nikadhani ni mwanafunzi.

"Maman, ni Désiré, wa Asiatique. Nimechukua simu ya bibi yangu. Usikate."

Sikukata. Akaeleza bila haraka. Kila kifaa kinachoingia kwake, kabla hajakifuta, huchukua copie ya disque nzima na kuichunga mwezi mmoja. Hamwambii mtu mapema. Anafanya hivyo kwa sababu watu wanasema hakuna kitu, halafu wanarudi wanalia. Yangu pia aliichukua. Ndilo alilotaka kuniambia siku ile dukani, na ndilo alilonipigia mara sita.

Nikamuuliza iko wapi.

"Niliichunga mwezi, maman. Nikaongeza wiki mbili, nikasema labda atakuja. Jumamosi disque ilijaa, na kulikuwa na kazi ya watu."

Kwa hiyo mtaa wetu aliufuta mara ya pili. Nilisikia upande wake mteja akiulizia chargeur ya simu. Désiré akamwambia angoje. Kisha akaniuliza, taratibu, bila hasira hata kidogo:

"Lakini maman, mbona ulikuwa haupokei?"