Taya Tatu kwa Bakuli la Duara

Taya tatu au nne? Swali hilo lilininyima usingizi. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru, nimetoka chuo kikuu juzi tu, na maseremala wa ushirika wetu hapa Shirere walinituma nichague chuma cha kukamatia mti kwenye mashine ya kukereza, kile ambacho taya zake hujifunga zote pamoja. Nikifumba macho, niliona mabakuli yakielea na kuzunguka kama miezi midogo. Bakuli ni duara, nikawaza, na taya tatu hushika duara vizuri. Nikanunua cha taya tatu.

Siku ya kukijaribu, wanachama walijaa. Kikishika mti vizuri, ningeajiriwa na ushirika. Mwenyekiti, Mama Ayuma, akanipa kipande cha mvule kilichopasuliwa tayari, chenye pembe nne. Nilikigeuza kila upande. Taya tatu hazikukishika. Sikuwa nimewaza kwamba bakuli huanza likiwa na pembe.

"Bwana Digrii," akasema Mama Ayuma, "tukirudishe msituni kikawe mti tena?"

Wakacheka wote. Nilikuwa na maelezo marefu. Nikayaacha, nikavua tai, nikaomba shoka, nikaanza kuzichonga zile pembe mbele yao.