Jiwe Linalobusiwa la Tis Amba

Kumepambazuka juu ya bonde la Jama, na Yeshimebet Woldeyes tayari amepiga magoti mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Giyorgis, kijijini Tis Amba, bomba la sindano mkononi kama muuguzi. Mgonjwa wake ni mwimo wa mlango, jiwe la chokaa linaloacha unga kidoleni ukiligusa tu.

Analidunga upande wa chini, tone kwa tone, kwa maji meupe yanayonuka spiriti. Sehemu ya juu, yenye msalaba uliochongwa, imefungwa gunia la mbolea. Asubuhi hii gunia linafunguliwa mbele ya kamati ya kanisa.

"Yeshi, unaendelea kuinywesha nyumba ya Mungu araki?" anauliza kasisi, Abba Tsige.

"Inakunywa kwa adabu kuliko waumini wako, Abba. Haijaangusha mtu."

Ndani ya spiriti hiyo mna chembe za chokaa ndogo kupita unga wowote. Wataalamu wanaiita chokaa ya nano. Spiriti inazipeleka hadi ndani ya jiwe, kisha inapaa na kuziacha humo. Zikipata hewa na unyevu, taratibu zinageuka jiwe. Sharti ni kwamba pafunikwe kitambaa chenye maji, na pasiguswe kwa majuma kadhaa.

Sharti hilo ndilo lililomtoa jasho. Huku, kwenda kanisani kunaitwa kubusu kanisa, na watu wanabusu kweli. Mama yake, Etagegnehu, ameubusu mwimo huu tangu aletwe kijijini akiwa bibi harusi.

"Nilikuwa narudi nyumbani na vumbi mdomoni, nalilamba nikijua ni baraka," anasema mama huyo. "Kumbe miaka yote namla Giyorgis."

Mwimo wa upande wa pili ulikwisha zamani, ukawekwa wa saruji. Hakuna anayeubusu. Kamati ilishaamua kwamba huu nao usipopona kabla ya sikukuu ya Giyorgis, utang'olewa uwe kama mwenzake.

Yeshimebet, aliyekuwa fundi wa lipu Addis Ababa kabla ya kufundishwa kazi hii, alikaribia kuuua mwenyewe. Mara ya kwanza aliufunika kwa kitambaa cheupe, kipya, kisafi. Akasahau kwamba kwao kitu kinachovishwa nguo ni kitakatifu. Hata tabot, kibao kitukufu cha madhabahuni, hakitolewi nje bila kuvishwa. Jumapili watu wakavuka bonde kuja kubusu kitambaa. Alipokifunua, mkono mmoja wa msalaba ulitoka nacho.

"Nililia palepale, mbele za watu," anasema. "Aibu niliiona baadaye."

Dawa aliitoa mama yake. "Umemvisha mwenyewe, halafu unashangaa watu wanamsalimu? Mvike gunia."

Basi safari hii kitambaa chenye maji kikaenda ndani, gunia la mbolea likaja juu, na Abba Tsige akawa anasimama mlangoni na msalaba wake wa mkononi, akiusogeza kwenye midomo ya wanaoingia. Gunia halikubusiwa na mtu, ingawa bibi mmoja aliliinamia kidogo, asije akakosea.

Kamba inafunguliwa. Msalaba umebaki na mikono mitatu, na ule wa nne hauwezi kurudi. Mwenyekiti wa kamati anapitisha kidole, anakitazama, anakipitisha tena. Anampisha Etagegnehu.

Mama anainama, anabusu, kisha anajilamba midomo polepole kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Yeshimebet amefumba macho.

"Leo jiwe limeninyima vumbi," anasema mama.

Mwenyekiti anacheka, anaagiza madirisha yafuate. Yeshimebet anakubali, lakini anasema ana haja nyingine: ule mwimo wa saruji utolewe, na yeye achonge wa jiwe mahali pake.

"Sitawahi kuuona ukizoeleka," anasema akivuta maji meupe kwenye bomba. "Lakini kuna watoto wanaozaliwa. Na wao wapate pa kubusu."