Asiambiwe

Mkuu wa shule aliniita ofisini kabla ya kengele ya asubuhi, akafunga mlango. Ujumbe ulikuwa umeingia jana yake jioni kwa simu ya upepo ya parokia: mama wa rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, amefariki, na wanazika leo saa tisa alasiri, kwao Hirbadaw.

"Mwambie mama anaumwa, umsindikize," alisema. "Njiani asiambiwe. Habari atapewa na wazee wake."

Sikubisha. Hata kwetu Morogoro mtu hapewi habari ya msiba barabarani. Nikamwambia mama yake anaumwa kidogo. Basi la Basotu halikuwa na safari siku hiyo, kwa hiyo tukatoka na baiskeli zetu za Kichina, kila moja na breki moja tu inayoshika.

Mwaka ule mkoa wetu ulikuwa umetoka kutengwa na Arusha na kuitwa Manyara, na rafiki yangu alijivuna kama vile amegawiwa yeye. Kila tulipomaliza mlima alishuka anionyeshe kitu: msitu tuliouacha nyuma, mlima Hanang na wingu lake kichwani, na kule chini mashamba ya ngano ya serikali, ambayo sasa yalikuwa yanatafutiwa mnunuzi.

"Angalia, mwalimu. Nyie watu wa Morogoro mnafikiri milima ni ya kwenu peke yenu."

Mimi nilikuwa naangalia saa. Nilimwambia tuwahi, mvua isije ikatukuta. Mbingu ilikuwa nyeupe kabisa, akacheka. Nilimchukia kwa kicheko kile, na mimi mwenyewe nikajichukia zaidi.

Saa tano tulipumzika kwenye chemchemi kando ya barabara, tukala viazi. Akafungua mfuko wake na kutoa sweta la mtumba, la kahawia, lenye vifungo vya mbao, alilomnunulia mama yake mnadani. Yule mama nilimfahamu. Aliwahi kuja shuleni na kibuyu cha asali, akakishikilia kifuani mpaka nilipokumbuka kumwamkia shikamoo, ndipo akanipa.

"Unaonaje, litamtosha?"

"Litamtosha," nikasema. "Alikuwa mwembamba."

Na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Kila siku nawakosoa watoto wa watu kwa nyakati za vitenzi.

Alinitazama kidogo. Kisha akalikunja lile sweta, mkono mmoja, halafu wa pili, akalifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira. Nilitaka kusema nilimaanisha siku ile ya asali, lakini alikuwa ameshaishika baiskeli yake.

Toka hapo hakunionyesha kitu tena. Alianza kuikokota baiskeli hata penye tambarare. Nilipomwambia apande, alijibu kwamba mnyororo umelegea. Mnyororo ulikuwa mzima, nauona. Nikadhani nimemwelewa: maadamu tuko njiani, mama yake bado anaumwa tu. Nikamwonea huruma, nikaikokota ya kwangu pembeni yake.

Saa tisa ilitukuta bado tuko milimani. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nilimwogopa mkuu, niliwaogopa wazee wake, lakini zaidi niliogopa kuuona uso wake akisikia kutoka kwangu. Niliyameza, tukaendelea kutembea.

Tulifika saa kumi na moja na nusu. Wanaume walikuwa wanaosha majembe. Mjomba wake alitoka kutupokea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Tumekungoja mpaka saa kumi. Jeneza tuliliacha wazi ili umuage mama yako. Padri alikuwa na safari nyingine, ikabidi tufunge."

Nyuma ya nyumba udongo ulikuwa bado mbichi. Rafiki yangu hakuenda mara moja. Aliegemeza baiskeli kwenye ukuta, akaanza kufungua ule mpira wa keria, taratibu, akalitoa sweta na kulikung'uta vumbi. Nikamsogelea nimpe pole. Alizungumza bila kuniangalia, kwa sauti ya chini, mjomba asisikie.

"Kwamba amekufa nilijua, mwalimu. Ulisema mwenyewe pale kwenye maji. Kwamba ananisubiri, ndiyo hukuniambia."